Alama Niliyompa Peguero

Jumapili, 29 Juni
Mvua: hakuna. Mizunguko: sifuri.

Marehemu baba alikuwa na daftari la mvua. Kila asubuhi alikwenda kuangalia kipimo kilichopigiliwa kwenye nguzo ya ua, akarudi akaandika, hata kama ni kuandika "hakuna" siku arobaini mfululizo. Mama alimwambia daftari halileti mvua. Baba akamjibu kwamba kazi ya daftari si kuleta mvua, ni kumzuia yeye mwenyewe asijidanganye. Basi na mimi nimeanza langu. Kipimo ni kile kile, kimehamia tu kwenye bustani ya mke wangu Arlene hapa Omaha. Safu ya pili nimeiongeza mwenyewe: mizunguko ya Korongo, timu yetu ya besiboli, yaani watu wetu waliofanikiwa kupita vituo vyote na kurudi nyumbani.

Leo tumefungwa moja bila. Warushaji wetu hawana mfano nchi nzima, lakini wapigaji wetu wakishika gongo utadhani wanafukuza nzi. Tuko nyuma ya Nashville kwa michezo miwili tu. Mwezi mmoja umebaki kabla dirisha la kubadilishana wachezaji halijafungwa, na mimi skauti wao, mtafuta vipaji wao kwa miaka thelathini na moja, ndiye nitakayetumwa kutafuta gongo jipya.

Jumatano, 2 Julai
Mvua: hakuna. Mizunguko: mmoja, nao ni zawadi ya makosa ya wenzetu.

Alhamisi, 3 Julai
Mvua: hakuna. Mizunguko: hatukucheza, afadhali.

Garrett ameniita ofisini. Huyu ndiye meneja mkuu wetu, ana miaka thelathini na sita, hajawahi kucheza mpira wa kulipwa hata siku moja, na huniita Bwana Kucera, si Lambert kama wengine wote, kana kwamba mimi ni wakili wake. Ubaoni alikuwa ameandika majina mawili na alama ya kuuliza.

"Njia ya kwanza, Rolando Peguero wa Portland," akasema. "Ana nguvu, anaupeleka mpira nje ya uwanja. Portland hawana cha kupigania mwaka huu, watamtoa. Njia ya pili, Kip Haldane wa Louisville. Ana miaka thelathini na nne, hana nguvu, lakini hakosi mpira. Ya tatu ni kukaa tulivyo na kumwomba Mungu."

"Ya tatu tumeijaribu tangu Aprili," nikamwambia.

Hakucheka. "Haldane tutampata kwa watu ambao hata wewe huwakumbuki majina. Kwa Peguero, Portland wanamtaka mtu mmoja tu. Wanamtaka Wade."

Wade Sorensen ana miaka ishirini na miwili, ni mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, na yuko timu yetu ya pili kule Wichita. Nilimwona mimi, kwao katika mji mdogo wa Broken Bow, siku ya upepo wa kupeperusha kofia, hakuna skauti mwingine aliyejisumbua kuja. Nilimsajili mezani kwa mama yake. Darlene ni mjane, na siku ile alinitilia kahawa, akaniwekea kolache, vile vikate vitamu vya plamu, kisha akaniuliza swali moja tu: "Bwana Lambert, utamwangalia mwanangu?" Nikamwambia nitahakikisha anavaa jezi ya Omaha. Sikulazimishwa, nilisema mwenyewe, mdomo umejaa plamu.

"Nenda ukamwone Peguero," Garrett akasema. "Niletee namba yako ya kumpima. Nitaifuata."

Ijumaa, 4 Julai
Mvua: hakuna. Mizunguko: sifuri. Baada ya mchezo zikapigwa fataki za sikukuu. Ndizo kitu pekee kilichoruka juu ya ukuta wa uwanja wiki hii.

Jumanne, 8 Julai. Portland
Mvua: ya hapa haihesabiki, hunyesha bila sababu. Mizunguko yetu, nimeambiwa kwa simu: miwili.

Nimemwangalia Peguero mazoezini na mchezoni. Nilitamani awe mzito. Nilitamani awe na kitambi, goti bovu, tabia mbaya, chochote. Jamaa ana mikono ambayo nimeiona labda mara tatu maishani. Mpira unamjia kwa kasi ya ajabu naye anasubiri, anasubiri tena, halafu gongo linafika pale pale unapotakiwa kugongwa. Katika awamu ya sita aliupiga ukaangukia kwenye maegesho. Watu wote wakasimama. Mimi nilikaa, maana skauti hapigi makofi. Hiyo ni sheria ya kazi yetu: ukipiga makofi umeshakuwa mpenzi wa timu, rudisha daftari ukanunue tiketi.

Sheria ya pili ni kwamba namba huandikwa kabla hujainuka kitini. Tunatoa alama kuanzia ishirini hadi themanini. Hamsini ni mchezaji wa kawaida. Sabini unampa mtu ambaye utawasimulia wajukuu.

Niliandika aya nne kuhusu mikono yake. Kisha nikafika kwenye namba, nikaona ile meza ya Broken Bow, na mkono wangu ukaandika hamsini na tano.

Jumatano, 9 Julai
Mizunguko: sifuri. Nimeituma ripoti. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini leo ilikuwa nyoofu na haikuwa na foleni.

Alhamisi, 10 Julai
Mvua: matone matatu, kipimo hakikuyaona. Mizunguko: mmoja.

Garrett amepiga simu. "Hamsini na tano?"

"Hamsini na tano."

"Sawa. Tutaachana naye. Nenda Louisville kwa Haldane."

Hakubishana hata kidogo. Nimekuwa nikisema miaka miwili kwamba huyu kijana anaamini tarakilishi yake tu. Leo aliniamini mimi, tena siku mbaya kuliko zote za kuniamini.

Jumatatu, 14 Julai
Siku za mapumziko, ligi nzima imelala. Arlene anasema naongea usingizini. Nimemuuliza nilisema nini. "Ulikuwa unahesabu," akasema. "Ukifika hamsini na tano unaanza upya."

Jumamosi, 19 Julai. Louisville
Mvua ya nyumbani: hakuna, Arlene ameniambia mahindi ya jirani yamekunja majani. Mizunguko: mmoja jana, sifuri leo.

Nimefanya kosa la mtoto mdogo, na mimi ndiye hufundisha vijana wasilifanye.

Haldane nilimwona Alhamisi, akanipendeza. Ijumaa nikamwona tena, nikahakikisha. Hapo ilikuwa nifunge daftari nirudi zangu. Katika kazi yetu siku ya kwanza unaangalia, ya pili unahakikisha, ya tatu unawatangazia majirani. Maskauti wote hukaa pamoja nyuma ya mpigaji, na nusu ya kazi ni kuchungulia nani kaja kumwona nani. Lakini nilitaka sana Haldane awe ndiye dawa. Nilitaka nimpende mpaka namba ya Peguero iwe kweli. Basi leo nikaja siku ya tatu, na kofia ya Korongo kichwani, kama mwali aliyetolewa nje.

Safu moja mbele yangu alikaa Dewey Stroud, skauti wa Nashville. Tunajuana tangu sote tuna nywele.

"Lambert, mzee wangu," akasema bila kugeuka. "Siku ya tatu?"

"Napenda kuku wao wa kukaanga."

"Kuku huyo yupo hata Omaha, ndugu yangu." Akainuka katikati ya awamu, akatoka na simu sikioni.

Jumapili, 20 Julai
Mizunguko: sifuri.

Nashville wamemchukua Haldane asubuhi. Hawakumhitaji, wana wapigaji mpaka wa kukalia benchi. Wamemchukua ili sisi tusimpate. Garrett alinipigia simu, akauliza jambo moja tu: "Ulikaa siku ngapi?" Nikamwambia tatu. Alivuta pumzi, akakata.

Jumanne, 22 Julai
Mvua: hakuna. Mizunguko: mmoja. Mkeka wa nyasi uwanjani umeanza kuwa wa njano karibu na ukuta.

Ijumaa, 25 Julai. Wichita
Mvua: hakuna. Mizunguko: miwili, tukafungwa mitatu.

Nimeendesha gari kwa muda wa saa tano kuja kumwona Wade, nikijiambia ni ziara ya kazi. Alinikuta kwenye ngazi za uwanja kabla ya mazoezi. Amepanuka mabega. Bado anavua kofia anaposalimia, mama yake kamlea.

"Shikamoo, Mzee Lambert. Samahani nikuulize. Ni kweli Portland wananitaka?"

Nikatabasamu kama mtu aliyeficha zawadi mgongoni. "Usiwe na wasiwasi, mwanangu. Nimelimaliza hilo. Nimekukinga."

Akaigeuza kofia mikononi. "Umenikinga na nini?"

"Na kuuzwa kama ndama."

Alikaa kwenye ngazi, akaangalia uwanja. "Mzee, Omaha wana mdakaji wao Brandt. Brandt ana miaka ishirini na tisa, mkataba wake una miaka mitano mbele, na haumwi hata mafua. Mimi nampenda Brandt. Lakini yeye akiwa pale, mimi nitakaa hapa Wichita mpaka niote ndevu nyeupe. Mdakaji wa Portland magoti yamekwisha, anashuka ngazi kinyumenyume." Kisha akasema polepole, bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma: "Kule ningecheza wiki hiyo hiyo."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unanipigia simu kila Jumapili kuniambia nivumilie. Ningekwambiaje?"

Nimekaa hotelini naangalia ukuta. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Mimi nimewazidi, maana nimelia na mwana naye kalia.

Jumamosi, 26 Julai
Mvua: hakuna. Mizunguko: sifuri.

Nilimpigia Darlene. Nilitaka aniambie nilifanya vyema, ukweli ndio huo. Nilimweleza yote, hata ile namba.

Nilisikia redio yake ikitaja bei ya ng'ombe. "Bwana Lambert," akasema, "mimi nilikuuliza utamwangalia. Jezi uliitaja wewe."

"Niliahidi Omaha, mama Wade."

"Uliahidi. Mimi nilisikia kwamba mwanangu atacheza. Jezi ingekuwa ya zambarau yenye madoadoa, ningeifua vile vile." Halafu akaniuliza kama nakula vizuri. Nilitamani angenitukana.

Jumapili, 27 Julai
Mizunguko: mmoja. Nashville wameshinda, tuko nyuma kwa michezo minne. Arlene kasoma daftari hili bila ruhusa. Amenipigia pasi shati la ofisini na kulitundika mlangoni.

Jumatatu, 28 Julai
Mvua: hakuna.

Garrett alikuwa amekaa chini sakafuni, karatasi zimemzunguka. Nilimwambia nikiwa bado nimesimama, kabla sijaogopa.

"Peguero si hamsini na tano. Nilikudanganya."

Akachukua ripoti yangu kutoka kwenye rundo, imekunjwa kunjwa, inaonekana imesomwa mara nyingi. "Aya nne juu ya mikono," akasema. "Hakuna mtu anayeandika aya nne juu ya mtu wa hamsini na tano. Nilidhani macho yako yameanza kuchoka. Nikaona aibu kukuuliza, Bwana Kucera. Umewaona watu wengi kuliko mimi. Nikasema, yeye ameona kitu ambacho mimi sikioni, nikafuata namba."

Nimemsema huyu kijana kwa miaka miwili, mbele yake na nyuma yake. Nimemwita karani. Kumbe aliniheshimu kiasi cha kuyakataa macho yake mwenyewe. Sijawahi kujisikia mdogo kama leo.

"Tarehe kumi," akaendelea, "Portland walimtaka Wade peke yake. Leo wanajua Haldane ameshachukuliwa. Wanajua hatuna pengine pa kwenda. Wanamtaka Wade na yule mrushaji wetu wa Wichita, wa mkono wa kushoto. Yule mrushaji nilikuwa namtaka mimi. Huyo ni gharama ya namba yako."

"Niandikie barua ya kuondoka. Nitaisaini hapa hapa."

"Kukufukuza kutangoja Oktoba msimu ukiisha, sasa nina kazi." Akanyoosha mkono na kalamu. "Nipe namba."

"Sabini."

"Na Wade?"

Hilo sikulitegemea. Miaka minne sijawahi kumpa Wade namba bila kuitia sukari. Nilifumba macho, nikamwona akidaka, akirusha, akipiga. "Sitini. Atacheza miaka kumi ligi kuu. Akipata nafasi."

Aliandika zote mbili. "Sisi hatuna nafasi ya kumpa," akasema. "Wewe ulijua hilo kabla yangu."

Jumanne, 29 Julai
Mizunguko: sifuri. Simu haijalia.

Jumatano, 30 Julai
Mizunguko: mmoja. Arlene ameificha simu kwenye pipa la unga ili nile chakula kwa amani. Ikalia humo.

Portland wamekubali, karatasi zitasainiwa kesho kabla dirisha halijafungwa saa kumi na moja jioni. Garrett alisema mpaka hapo ni siri, kisha akaongeza, "Unajua desturi." Ninaijua. Aliyemsajili mtu ndiye anayemwambia.

Alhamisi, 31 Julai. Wichita
Nilifika saa tisa alasiri, nikakaa garini, simu mapajani. Joto lilikuwa la kuchoma viganja kwenye usukani. Mazoezi yalianza. Wade akavaa vifaa vyake, akachuchumaa. Saa kumi u nusu Garrett akatuma neno moja: "Tayari."

Nilishuka hadi ukingo wa uwanja. Nilikuwa nimetunga hotuba njia nzima tangu Omaha. Lakini kwenye mpira, siku ya mwisho wa Julai, mzee mwenye shati lililopigwa pasi akishuka ngazi hizo hana haja ya hotuba. Vijana waliniona kabla sijafungua mdomo. Mrushaji akashika mpira asiurushe. Mmoja akaanza kumkumbatia Wade, wa pili, wa tatu, wakawa foleni. Yule wa mkono wa kushoto alikuwa wa sita, akampigapiga mgongoni akimwambia asiwasahau.

"Na wewe pia, kijana," nikamwambia. "Kusanya viatu vyako. Mnaondoka wote."

Foleni ikageuka ikaanza upya kwake. Wakacheka, na baadhi wakafuta macho kwa glavu.

Wade alinijia akiwa bado na kinga za miguuni. "Portland?"

"Portland. Ndege saa mbili asubuhi. Kesho jioni unacheza."

Alitaka kusema kitu, kikamkwama. Nikamwambia, "Nisamehe, mwanangu. Wiki tatu hizi zilikuwa zako, nikakaa nazo mimi."

Akanikumbatia, jasho lake likanilowesha shati lote alilonipigia pasi Arlene. "Mzee," akasema, "ulikuja Broken Bow siku ambayo hata mbwa hawakutoka nje. Hatudaiani."

Omaha, nilipofika: Mizunguko: sifuri. Mvua: mawingu upande wa magharibi, basi.

Jumamosi, 2 Agosti
Mvua: nusu inchi! Baba angeivulia kofia. Mizunguko: saba. Peguero alipiga mpira ambao bado haujapatikana.

Jumatano, 6 Agosti
Mvua: robo. Mizunguko: mitano. Nimemkuta Garrett kwenye lifti, akanipa nusu ya sandwichi yake. Bado huniita Bwana Kucera. Nimeanza kulipenda jina hilo.

Jumatatu, 11 Agosti
Mizunguko: sita. Michezo miwili nyuma ya Nashville. Dewey Stroud amenitumia picha ya kuku wa kukaanga, bila maneno.

Jumanne, 19 Agosti
Portland wamekuja Omaha.

Darlene aliendesha gari kutoka Broken Bow akiwa na kolache kwenye kiti cha mbele, amezifunga mkanda. Nilimkatia tiketi karibu nami, nyuma ya mpigaji, pale wanapokaa maskauti. Hajawahi kumwona mwanawe ligi kuu isipokuwa kwenye runinga. Wade akatoka kwenye handaki na jezi ya kijani ya Portland, akaangalia majukwaani, akavua kofia.

"Yule ni wangu," Darlene akamwambia mtu asiyemjua aliyekaa kulia kwake.

Peguero alitufungia miwili katika awamu ya tatu, uwanja ukalipuka. Mimi nikakaa na daftari. Portland wakajikokota wakasawazisha. Awamu ya tisa, ya mwisho, watu wao wawili wameshatolewa, mwenzao mmoja yuko kituo cha pili, akaja Wade kupiga. Darlene alilikamata sanduku la kolache kwa mikono miwili.

Wade aliiacha mipira miwili mibaya ipite. Wa tatu aliupiga katikati kabisa ya wachezaji wetu wawili, ukaviringika hadi ukutani. Mwenzake akarudi nyumbani. Uwanja mzima ukanyamaza, watu elfu thelathini, ungesikia bendera ikipiga nguzo. Katika kimya kile kulikuwa na sauti moja tu, na ilinichukua muda kuelewa ni ya nani.

Mkono ukagusa bega langu. Garrett, safu ya nyuma.

"Bwana Kucera," akasema chinichini, "ile ni timu nyingine."

"Najua," nikamjibu, na sikuacha kupiga makofi.

Mvua: robo inchi. Mizunguko: yetu miwili, yao mitatu.